Piki za Gamba la Kobe

Laurian alikuwa kwenye benchi la muuza kahawa pale Mandewa, mfukoni hana hata mia, aliposikia gitaa likilia uani mwa kanisa. Likakwama. Likaanza tena, likakwama palepale, kisha sauti ya mtu mzima ikafoka, "Peniel! Tunakwenda Kiomboi kushindana, siyo kuomba radhi!"

Wenzake kwenye benchi walisikia mazoezi ya kwaya. Laurian alisikia chakula cha mwezi mzima.

Akaenda kuchungulia. Peniel, mpiga gitaa la solo, alikuwa anapigia kipande alichokata kwenye kadi ya zamani ya benki, nacho kimepasuka. Wapiga gitaa hukiita piki, kidude cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, cha kudonolea nyuzi.

Kwa siku mbili Laurian hakuonekana mjini. Alikuwa nyuma ya chumba chake na pembe za ng'ombe alizookota machinjioni, anakata kwa msumeno wa chuma, anasugua kwa tupa na msasa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tumpe haki yake: hajawahi kufanya kazi ngumu namna ile ili kukwepa kazi. Akipumzika, anasoma habari za piki kwenye simu, maana tapeli anayejiheshimu haendi kazini hajasoma.

Alhamisi alasiri aliingia uani mwa kanisa amechomekea shati, mkoba wa vifaa begani, mkononi ana kiboksi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu mwalimu Chediel, kiongozi wa kwaya, mstaafu aliyezoea kumtazama kila mtu kama daftari lenye makosa.

"Naitwa Laurian, mtaalamu wa piki. Nilikuwa napita tu, nikasikia mtu anateseka."

Akaushika mkono wa Peniel, akavigeuza vidole kama daktari.

"Unapiga solo au ridhimu?"

"Solo."

"Na piki yako ni laini! Laini ni ya ridhimu, ya mtu anayekwangua nyuzi zote kwa pamoja. Inapinda, inateleza, haikwami. Wewe unadonoa uzi mmoja mmoja, unataka nene, ngumu, yenye ncha. Ndugu yangu, umekuwa unalima kwa kijiko."

Yote hayo yalikuwa kweli. Laurian alitanguliza ukweli kila mara, kama mtu anavyopangusa kiti kabla ya kumkaribisha mgeni.

Akafungua kiboksi. Piki kumi na mbili ziling'aa, za kahawia zenye mabaka ya njano. "Gamba la kobe," alinong'ona, kwa mnong'ono unaofika barabarani. "Kobe wa miaka mia. Ulaya wanazitafuta hawazipati."

Peniel akajaribu moja nene. Palepale alipokuwa anakwama, akapita. Akarudia, akapita tena, na waimbaji wakaanza kupiga makofi bila kuambiwa.

"Bei gani?" aliuliza mwalimu Chediel, akijitahidi kuonekana hajapenda.

"Elfu kumi na tano moja. Ila chagueni mbili tu. Zilizobaki nimewaahidi kwaya ya Kinampanda. Nasikia nao Jumapili watakuwepo Kiomboi."

Hapo ndipo mtu aliyefundisha amri kumi kwa miaka thelathini alipoingiwa na tamaa.

"Kinampanda wasipate hata moja! Nachukua zote."

"Hiyo nauli yetu, mwalimu," mwimbaji mmoja alinung'unika.

"Tutapanda lori la alizeti!"

Laurian alikuwa bado ameshika noti mkononi wakati geti lilipolia. Aliingia mama mmoja mwenye shati la kaki na buti, akaonyesha kadi, akairudisha mfukoni kabla jicho halijaifikia.

"Afisa wanyamapori. Nani anauza gamba la kobe?"

Kwaya nzima, kwa sauti zote nne, ikamwonyesha Laurian.

"Kobe ni nyara ya serikali. Kibali kiko wapi?"

"Afande, mimi..."

"Kifungo chake kinahesabiwa kwa kobe. Piki kumi na mbili ni kobe wangapi?"

Laurian akainua mikono juu. "Siyo kobe, afande! Ni ng'ombe!"

"Nachukua maelezo," alisema mama yule, akawasha simu kurekodi. "Jina, halafu ukweli wote."

"Mimi Laurian, naapa mbele ya kwaya hii, piki hizi ni pembe halisi ya ng'ombe. Nimezikata kwa mkono wangu, nimezisugua siku mbili. Nyembamba za ridhimu, nene za solo. Hakuna udanganyifu ndani yake!"

"Rudia hapo kwenye nene za solo. Ongeza sauti."

Laurian akarudia, machozi yanamlengalenga. Mwalimu Chediel akamnyang'anya noti zake zote. Afisa akachukua kiboksi, akapekua mkoba, akachukua na msumeno, tupa na msasa. "Vielelezo. Vinakwenda kupimwa Dodoma."

"Lakini mwalimu," alisema Peniel, bado ameshikilia piki yake, "hii inalia vizuri."

"Rudisha!" alifoka mwalimu.

Wiki iliyofuata Laurian alikwenda mnadani Mtinko kutafuta riziki mpya, na kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilitoka kwenye spika, ikiapa kwamba ni pembe halisi ya ng'ombe. Chini ya spika kulikuwa na foleni, na mbele kabisa alisimama mwalimu Chediel, akisukuma watu kwa kiwiko.

"Kiomboi tumekuwa wa mwisho kwa kadi ya benki," alisema bila kumtazama. "Hapa angalau mtu anajua ananunua nini."

Muuzaji alikuwa yule mama wa kaki.

"Wewe siyo afisa wanyamapori!" Laurian alifoka.

"Na wewe siyo mtaalamu. Naitwa Ziada, nauza mitumba mkabala na machinjio. Nilikuona unaokota pembe, nikakufuatilia nijue unapika supu gani."

"Na ile kadi?"

"Ya chanjo ya mbuzi. Sikiliza, zimebaki tatu. Tupa yako nitakurudishia, uniletee piki nyingine. Nitakulipa kwa kila piki."

Laurian alitaka kukasirika, akashindwa. Watu walikuwa wananunua bila kuomba punguzo, kitu alichokitengeneza yeye, kwa jina lake la kweli. Alijikuta anatabasamu.

Baba mmoja mwenye gitaa mgongoni akamgusa bega. "Samahani, huyu anayeapa kwenye spika ni nani?"

Laurian akanyoosha kola. "Ni mimi. Nilizikata mwenyewe, kwa mikono hii."

Yule baba alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akahamisha pochi yake mfuko wa mbele.

"Nenda zako, tapeli," alisema, akaingia kwenye foleni.