Dubu Wangu Ndani ya Chupa za Jamu

Jumatatu, 8 Septemba

Mwaka huu ni wangu. Naandika kwa wino, si kwa penseli.

Zimebaki siku tano kufika Maonyesho ya Dubu Wadogo, ukumbi wa kanisa, hapa hapa Wexcombe. Dubu wangu wa kitambaa, ishirini na wanne, wako tayari. Aliye mrefu kuliko wote hafikii urefu wa kidole changu cha mwisho. Wote nimewashona kwa mkono. Shingo zinageuka, mikono inageuka, miguu inageuka. Macho ni shanga nyeusi. Kazi safi! Na kwa miaka tisa nimepangiwa meza ile ile kando ya choo cha wanaume, ambapo watu hupita mbio wakienda na hupita wakikung'uta mikono wakirudi.

Meza ya dirishani anayo Glenys Hartopp. Mwaka wa nne mfululizo! Dubu wake si lolote si chochote, masikio hayalingani. Lakini ana treni ndogo inayozunguka meza, dubu wamepanda, na watu wazima wanasimama kuikodolea macho. Wanamwachia vifungo vyao vyote. Ndiyo desturi yetu: kila mgeni hupewa kifungo kimoja cha nguo mlangoni, akakitia katika kopo la meza iliyompendeza. Mwenye vifungo vingi hupata utepe wa ushindi na meza ya dirishani, na huchagua rangi ya vifungo vya mwaka unaofuata.

Pauline, mke wangu, ametoa amri leo. Tumekula tukiwa tumepakata sahani miaka sita kwa sababu meza ya chakula ni ya dubu. Utepe ukikosekana safari hii, dubu wote wanahamia kibanda cha bustanini. Nikamwambia kule kuna unyevu na panya. Akasema vizuri, watakuwa na wenyeji wa kuwapokea.

Nilicheka kwa dharau. Lakini ukweli ni kwamba sikuweza kumaliza supu yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango umepatikana! Rahisi kama kunywa chai.

Miaka yote Glenys amechagua vifungo vyeupe. Nimekwenda mjini nimenunua vifungo vyeupe mia mbili. Jumamosi nitakuwa navitia katika kopo langu kimoja kimoja, huku nikikohoa. Si wizi huu. Ni kurekebisha dhuluma ya choo.

Saa kumi jioni akapita Bwana Peake, mwenyekiti wa chama, kugawa barua. Glenys amechoka na vyeupe. Mwaka huu vifungo ni vya mbao, rangi ya kijani, kila kimoja amekichorea ua kwa mkono wake.

Mwanamke yule ana roho mbaya. Nimeutupa mfuko wa vifungo kwenye droo ya kushonea.

Jumatano, 10 Septemba

Ubaya wa dubu wangu ni mmoja tu: hawaonekani. Mwaka jana bibi mmoja alinisifu kwa kokoto zangu nzuri.

Leo asubuhi nikila mkate nikaona kokwa ya plamu imebaki chini ya chupa ya jamu. Kwa nje ilionekana kubwa kama yai la bata! Nikaitoa, ikawa kokwa. Nikairudisha, ikawa yai. Kioo kile cha mviringo kinakuza! Nikakaa nimeshika kijiko nusu saa nzima. Kila dubu ndani ya chupa yake. Mkubwa mara mbili, na mkono wa mtu haumgusi.

Pauline huwa kwaya kila Jumatano. Kabla hajarudi nilikuwa nimekwisha kumwaga chupa ishirini na nne za jamu yake ya plamu ndani ya ndoo.

Amerudi. Yaliyosemwa sitayaandika, karatasi hii ni nyembamba.

Alipopoa aliuliza dubu watapumua vipi humo. Swali la kijinga kabisa. Kweli, sisi watu wa dubu tukimfunga dubu mfukoni huwa tunamwacha pua nje apate hewa. Wote tunafanya hivyo, hata Bwana Peake, na yeye aliwahi kuwa meneja wa benki. Lakini huo ni utaratibu wa mifuko. Chupa ni jambo jingine. Chupa ni makumbusho!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda kumpeleleza Glenys, nikijifanya narudisha sahani yake. Akanikaribisha keki. Mnafiki! Nikala vipande vitatu ili asinishuku.

Treni yake sasa ina handaki. Handaki! Na taa ndani yake. Akanitazama juu ya ile miwani yake myekundu akasema, "Wewe usijali, Bwana Norman. Meza yako ndiyo yenye baraka. Kila mgeni lazima aipitie, apende asipende."

Nikamwambia tutaonana Jumamosi. Akasema nisisahau sahani yake nyingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Kazi kutwa. Chupa nimeziosha, nikazikausha ndani ya oveni, na zikiwa bado na joto nikawatia dubu na kukaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Jikoni nyigu wamejaa kwa sababu ya ile ndoo. Pauline amehamia kwa dada yake hadi jioni.

Baadaye nikaona kofia ya Cuthbert, dubu wangu wa kumi na saba, imelala upande. Nikataka kumfungua. Kifuniko hakikusogea. Nikajaribu kwa taulo. Kwa mlango. Kwa meno. Wapi! Chupa ilipopoa kifuniko kimejivuta ndani kama kile cha jamu yenyewe.

Vizuri tu. Vumbi halitaingia.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeketi, pua imevimba kama kiazi, na naandika pole pole ili nisisahau hata neno moja.

Saa nne milango ilifunguliwa. Nilikuwa nimezipanga chupa kwa ngazi tatu, kitambaa cheusi nyuma. Dubu wakaonekana wakubwa, wazi, kila mshono. Nikajiona mfalme.

Wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja mnene. Akatabasamu. Akainama. Tabasamu likaondoka. Akaita mwenzake. Mwenzake akashika mdomo. Muda si mrefu walikuwa watu kumi na tano mbele yangu, wote wananitazama kama mtu aliyefungia paka ndani ya sanduku. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini nimewafungia tangu lini. Nikasema kwa fahari, tangu jana. Ukumbi mzima ukasikika ukivuta pumzi.

Ndipo akafika Bi Ida Stubbley kwenye kiti chake cha magurudumu. Ana miaka themanini na minane, na zamani alikuwa mkuu wa wauguzi hospitali ya wilaya. Akavaa miwani. Akaangalia chupa moja baada ya nyingine hadi akafika kwa Cuthbert. Akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi posta.

"Kuna nyigu humu! Mmemfungia mtoto na nyigu!"

Kweli! Nyigu mzima, anatembea juu ya kofia ya Cuthbert. Nikasema hilo halikuwa kusudi langu. Hakuna aliyenisikiliza. Bwana Peake akaniambia nifungue chupa zote mara moja, la sivyo nitoke katika chama. Miaka tisa! Nikashika kifuniko. Hakikusogea. Nikashika kingine. Nikaona kibanda cha bustanini, nikaona panya, na nakiri, machozi yalinilenga.

"Acheni kusimama kama miti!" Bi Ida akafoka. "Wewe, maji ya moto! Wewe, vijiko! Wewe mrefu, fungua dirisha! Na wewe Norman, sogea, unanizibia njia!"

Basi ukumbi ukageuka wodi. Watu wakajipanga mstari kutoka meza yangu hadi jikoni kwenye birika kubwa la chai. Kila mtu na chupa yake. Wakawa wanamwagia vifuniko maji ya moto, wanagonga kwa vijiko, wanakunja nyuso. Kifuniko cha kwanza kikatoka, pwa! Dubu akatolewa, akainuliwa juu, na watu wakapiga makofi. Cha pili, pwa! Makofi tena. Mzee mmoja mwenye masharubu alimpulizia dubu wake usoni hadi mkewe akamwambia inatosha, amekwisha zinduka.

Treni ya Glenys ilikuwa inazunguka peke yake. Inaingia handakini, inatoka handakini. Hakuna hata jicho moja!

Na Glenys mwenyewe? Yumo jikoni, mikono ya shati imekunjwa! Chupa ya Cuthbert ilikuwa imewashinda wanaume watatu. Akaikumbatia kifuani, akazungusha mara moja. Pwa! Nyigu akatoka, akamchoma dole gumba, akaja moja kwa moja kwenye pua yangu. Cuthbert hakuwa na hata alama. Watu wakashangilia kama tumefunga bao.

Halafu jambo la ajabu. Hakuna aliyekubali kumrudisha dubu aliyemwokoa! Wangewezaje? Kila mmoja alimnunua wake, bila hata kuuliza bei mara mbili, akamtia mfukoni akiwa pua nje. Dubu ishirini na watatu kwa saa moja. Cuthbert tu ndiye Glenys alinirudishia. Alisema huyo ameteseka vya kutosha, akae nyumbani.

Na vifungo! Bi Ida ndiye aliyeanza. Akakitia chake akasema tangu astaafu hakuna meza iliyompa kazi ya maana kama hii. Wengi wakafuata. Vifungo vya kijani mia moja na thelathini na kimoja! Glenys ishirini na viwili. Bwana Peake alinivuta kando akauliza kama yote yale nilikuwa nimeyapanga. Nikasema yote. Akauliza hata nyigu. Nikasema hasa nyigu.

Wakanivalisha utepe wa bluu. Nimekagua mitaro ya manispaa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Leo walisimama. Nililia hadharani na sioni aibu.

Bwana Peake akaanza kuuliza nachagua rangi gani ya vifungo kwa mwakani. Hajamaliza swali nikasema nyeupe! Glenys alikuwa ananyonya dole gumba lake. Akanitazama kwa muda mrefu juu ya ile miwani myekundu.

Jumapili, 14 Septemba

Tumekula mezani! Kitambaa cheupe, nyama ya kuoka, viazi, na jamu ya plamu kwa kila kitu, maana ndoo bado ina nusu. Pauline amefurahi kuliko siku ya harusi yetu. Alinishika mkono akasema anajivunia mimi. Nikampitishia chumvi.

Nilikuwa na furaha, kwa kweli. Ila meza ilionekana kubwa mno na tupu mno. Nimemweka Cuthbert karibu na chombo cha mchuzi. Kuona tu anavyokaa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefungua droo ya kushonea nihesabu vifungo vyangu vyeupe. Hakuna!

Pauline ana furaha, na akiwa na furaha husafisha nyumba. Jumatatu alipeleka masanduku matatu kwenye duka la mitumba la hisani. Chupa, nguo kuukuu, na mfuko wa vifungo asivyojua vya nini. Nikakimbia na viatu vya nyumbani. Muuzaji akasema vifungo vilinunuliwa siku ile ile, vyote mia mbili. Mama mmoja mwenye miwani myekundu, dole gumba limefungwa bendeji. Alicheka hadi akatoka mlangoni.

Haidhuru! Ana mia mbili. Mimi nimeagiza mia tatu.

Na sikutoka dukani mikono mitupu. Pale pale sakafuni nikaona makopo madogo ya bati, thelathini na sita, kila moja na kufuli lake likiwa wazi. Funguo zimepotea zote. Muuzaji alishangaa kwa nini nilishangilia. Watu watalia mwaka ujao! Hakuna atakayekumbuka chupa, na matundu sitatoboa, na safari hii nyigu sitamwachia bahati, nitamtia mwenyewe.

Dubu thelathini na sita. Nimekwisha kukata kitambaa cha manyoya cha kumi wa mwanzo.

Pauline yuko kwaya. Meza iko wazi.