Ukuta wa Kubandua

"Wewe Nzuki, mbona ukihama unahama na ukuta?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake Roda, mama wa chapati pale Noonkopir, asubuhi moja alipomwona akishuka kwa bodaboda na mabunda marefu begani. Bunda moja lilikuwa limefunguka kidogo na ndani yake yalionekana matofali mekundu. Nzuki hakukasirika. Alimjibu kwamba binadamu wote ni wapitaji hapa duniani, akachukua chapati mbili, akalipa bila kuombwa, jambo ambalo lilimtia Roda wasiwasi zaidi, akaingia nyumbani kwake.

Lakini lilikuwa swali la haki. Nzuki alikuwa fundi wa stika. Si zile ndogo za kubandika kwa kioo cha gari kumwomba Mungu ulinzi. Zake zilikuwa za plastiki, pana kama shuka ya kitanda, zimechapwa sura ya marumaru, ya mbao, ya matofali, na ukizibandika kwa ukuta msafi ukazisugua vizuri, hata fundi wa mawe itabidi asogee karibu. Kazi hiyo aliijulia Nairobi, kwenye majumba makubwa ya maduka, akipamba vile vibanda vya kampuni ambavyo hukaa wiki mbili kuuza simu halafu vinatoweka. Kibanda kikimaliza siku zake, stika inatolewa. Unapuliza joto kwa draya ya saluni, gundi inalegea, unavuta polepole kama unayemvua mgonjwa soksi, na ukuta unabaki vile mwenye nyumba aliuacha. Mafundi wenzake walizitupa. Nzuki alizikunja akaenda nazo nyumbani, na kule nyumbani, akiziangalia zimesimama kwenye kona, shetani alimpa wazo.

Wazo lilikuwa hivi. Anakodisha duka tupu mahali pazuri. Anabandika marumaru ukutani, mbao sakafuni, na graniti nyeusi juu ya sanduku ambalo kuanzia siku hiyo linaitwa kaunta. Halafu anaeneza habari kwamba amepata kazi ng'ambo, na kwamba anatafuta mtu mwaminifu wa kumwachia duka lake, bora tu alipe gudwili, yaani ile pesa ambayo watu wa biashara hupeana ili mmoja atoke na mwingine aingie. Mtu analipa Ijumaa. Jumapili, wakati mji wote uko kanisani, Nzuki anarudi na ufunguo wake wa pili, na draya, na uvumilivu. Jumatatu mwenye duka mpya anafungua mlango anakutana na ukuta wa rangi ya uji uliolala. Kinyozi mmoja wa Athi River alidhani amefungua duka la jirani, akaomba msamaha akafunga. Mwenye chemisti kule Rongai alianguka kwa magoti, na haikuwa maombi.

Shida ni kwamba stika zilikuwa seti moja tu. Kununua nyingine hakuweza, na wale waliokuwa wakimwita kazini Nairobi walishaacha kumwita, kwa sababu ambazo yeye mwenyewe hakupenda kuzieleza. Stika hizo ndizo zilikuwa shamba lake, mshahara wake na uzee wake. Zikipotea, anarudi kubeba mawe ya kweli.

Kwa hivyo alikuwa ameshapamba duka la tatu, hapo Kitengela kwenye barabara ya Namanga, la mzee mmoja anayeitwa Parmuat. Mzee Parmuat hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitaka kodi ya miezi mitatu mbele, akaipata, akaenda zake. Nzuki alilipa huku akiumia, lakini alijua kwamba mtego lazima uwe na nyama.

Nyama ikapata mnusaji katika hoteli ya chai karibu na stendi. Mama mmoja wa shuka nyekundu na shanga za kutosha shingo tatu alikuwa akimweleza mwenye hoteli shida zake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio ng'ambo ya bonde. Jina lake Zipporah, ametoka Bisil, anauza shanga na shuka kando ya barabara, na anatafuta duka Kitengela kabla kiangazi hakijammaliza.

"Niko na ng'ombe ndume tatu," alisema. "Kila siku zinakonda. Zikikufa, duka langu limekufa nazo."

Nzuki alisogeza kikombe chake mpaka meza yao.

"Supa, yeyo," alimsalimu.

"Ipa," akajibiwa.

Hicho ndicho kilikuwa Kimaasai chote cha Nzuki, na alikuwa amekimaliza mara moja, kwa hivyo aliendelea kwa Kiswahili chake cha Kitui. Alimweleza kuhusu kazi ya ng'ambo, kuhusu duka lenye marumaru, na jinsi alivyokuwa akiomba kila siku Mungu amletee mtu anayemcha. Zipporah alimsikiliza huku akipuliza chai. Alipomaliza kuipuliza alisema twende tuone.

Sasa, watu wote wanaponunua duka huanza mbele. Wanasimama mlangoni, wanashika kiuno, wanasema lo. Zipporah alianzia nyuma. Alizunguka jengo lote, akarudi, akasimama mbali kidogo akalitazama duka kama anayetaka kuona litasimamaje likijua linatazamwa. Aliingia akalipiga kofi ubavuni. Alichuchumaa akakagua pale ukuta unapokutana na sakafu, kama mtu anayeangalia kwato. Alivuta droo ya kaunta, akachungulia ndani, akairudisha. Mwishowe aliweka shavu lake kwenye marumaru, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda. Nzuki alidhani anaomba, akainamisha kichwa.

"Hii mawe ni ya wapi?" Zipporah aliuliza, shavu likiwa bado ukutani.

"Italia, mama."

Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya Kitengela inayopita ndani ya sweta.

"Iko na joto."

"Italia ni nchi ya joto."

"Ooh," alisema Zipporah.

Akatoa shavu, akasema amelipenda duka. Pesa mkononi hakuwa nayo, pesa yake ilikuwa bado inatembea kwa miguu, kwa hivyo atalipa kwa zile ndume tatu, azichukue mwenyewe kule Bisil. Ila alitaka mwenye nyumba aitwe, akabidhiwe mbele yake, jina libadilishwe, mambo yawe ya nuru. Nzuki alipiga hesabu ya ndume tatu kwa bei ya machinjio ya Kitengela, na hesabu ilimjibu kwa upole sana. Gudwili aliyokuwa amepanga kuomba ilikuwa nusu ya hiyo. Kwa sura alisikitika, akasema atakubali tu kwa sababu ni mama wa kanisa.

"Jambo moja," aliongeza. "Marumaru hii inahitaji Jumapili moja ya kupumua. Usifungue Jumapili."

"Jumapili mimi niko kanisani," alisema Zipporah. "Kutoka asubuhi mpaka saa nane."

Nzuki akamsifu kwa imani yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimaanisha alichosema.

Siku ya Ijumaa Mzee Parmuat alikuja, akaona, akakubali kwamba kodi ya miezi mitatu imeshalipwa na sasa mpangaji ni Zipporah. Aliuliza kama Nzuki hana la kusema. Nzuki alimkabidhi Zipporah ufunguo. Wakapanda gari wakaenda Bisil, Nzuki akiwa mbele na dereva wa lori alilokodisha, akipiga mluzi.

Ndume walikuwa wamesimama kando ya boma, na walikuwa wazuri. Matumbo yalijaa kama ngoma, ngozi ilinyooka. Nzuki, ambaye alilelewa mjini na maziwa aliyajulia kwenye pakiti, alisimama mbele yao, akashika kiuno, akasema lo. Aliwapiga picha. Hakuzunguka nyuma, kwa sababu nyuma ya ng'ombe kuna harufu na alikuwa amevaa viatu vipya. Hakufungua mdomo wa hata mmoja. Ila kwa sababu alijiona mtu makini, aliuliza swali.

"Hizi zinakula nini?"

"Nyasi."

Nzuki aliangalia kushoto na kulia. Ardhi ilikuwa nyekundu na tupu mpaka macho yakachoka.

"Na kiangazi hiki?"

"Mungu ni mwema," alisema Zipporah.

Hilo hakuna mtu angeweza kulipinga, na Nzuki hakulipinga. Ndume walipandishwa, wakaondoka.

Dereva ndiye alikuwa wa kwanza kulalamika. Kabla hawajafika Kajiado alisimamisha lori, akaenda nyuma, akarudi, akasema kwamba ameshabeba ng'ombe maisha yake yote lakini hajawahi kubeba mto. Walipofika machinjio jioni ile, Nzuki hakuangalia ndani. Aliacha ndume zizini, akaenda nyumbani kula kuku.

Asubuhi ya Jumamosi alimkuta Mbithi, mchinjaji, ameegemea ukuta wa zizi akiwatazama wanyama watatu ambao Nzuki hakuwajua. Walikuwa mifupa mirefu iliyofunikwa na ngozi, na ngozi ilikuwa imelegea kwa mbavu kama koti la kuazima.

"Hawa si wangu," alisema Nzuki.

"Ni wako. Wamelala tu wakatoa mzigo."

Mbithi aliingia, akamshika mmoja pua, akamfungua mdomo. Meno yaliyobaki yalikuwa machache na hayakuwa yakielewana. Akamweleza Nzuki, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba ndume hawa walistaafu kutafuna kitambo. Walilambishwa chumvi ya Magadi usiku kucha, na asubuhi wakaonyeshwa birika la maji, na mnyama wa kiu ya namna hiyo hanywi, anajazwa. Kila mtoto wa Bisil anajua kumsubiri ng'ombe mpaka jioni kabla ya kumlipia.

"Ulinunua maji, ndugu yangu," alisema Mbithi. "Na maji yenyewe uliyamwaga njiani."

Alitoa bei ya ngozi na mifupa. Karibu yote ilichukuliwa na dereva, aliyetaka lori lake lioshwe mara mbili.

Nzuki alirudi Noonkopir kwa miguu, akakaa kitandani, na pole pole akajipa moyo. Ng'ombe ni hasara ya kawaida ya biashara. Marumaru ilikuwa bado ipo, mbao ilikuwa ipo, graniti ilikuwa ipo, na kesho ni Jumapili. Nakuru hawakuwa wanamjua. Naivasha pia. Mradi ana stika zake, yeye si mtu maskini. Alipanga draya kwenye mkoba, akaweka na chupa ya maji ya sabuni, akaweka na kisu kidogo cha kuanzia kona.

Jumapili saa nne asubuhi barabara ya Namanga ilikuwa kimya kama alivyopenda. Akafika dukani, akatoa ufunguo wa pili, na kabla hajauingiza mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Kulikuwa na watu ndani. Walikuwa wengi, wamekaa kwa viti vya plastiki kutoka kaunta mpaka mlangoni, akina mama wa shuka na shanga, wanaume waliovua kofia, na Mzee Parmuat mstari wa mbele. Kwenye kaunta ya graniti palikuwa na Biblia na kikapu cha sadaka. Pasta Wachira, mtu mnene mwenye sauti ya kutosha mikutano ya nje, alikuwa amesimama na mgongo kwa marumaru ya Italia, akiweka wakfu duka la dada yao Zipporah.

"Huyo ndiye fundi," mama mmoja alisema, na mikono mingi ikamvuta Nzuki ndani, ikampitisha juu ya magoti ya watu, ikamkalisha mbele kabisa, kando ya Zipporah, mkoba mapajani.

Wimbo ulianza. Chini ya wimbo Nzuki alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Ulisema utakuwa kanisani."

"Niko kanisani. Kanisa limekuja huku."

"Wale ng'ombe walikuwa maji matupu."

"Walikuwa na kiu, nikawanywesha."

"Si haki, mama."

"Basi sema kwa sauti," alinong'ona Zipporah, akipiga makofi kufuata wimbo. "Pasta yuko hapa, mzee yuko hapa. Waambie ng'ombe wangu walikuwa vipi. Halafu mimi niwaambie Italia iko vipi."

Nzuki aliukumbatia mkoba wake.

"Na hiyo waya inatoka kwa mkoba wako," aliendelea Zipporah, "irudishe ndani. Hii ukuta nimeshaizoea. Miezi mitatu inanitosha, nikianza kuuza nitaweka yangu."

Waya wa draya ulirudi ndani. Wimbo uliisha. Pasta Wachira akafuta jasho, akasema kwamba nyumba hii imeguswa na mikono ya mtu mwenye kipaji, na kipaji kinatoka juu, na sasa tumsikie ndugu fundi mwenyewe, atoe ushuhuda jinsi alivyosukumwa kumwachia dada yetu mahali hapa.

Watu wakasema amina. Nzuki akasimama.

Aliwatazama, wakamtazama. Nje jua lilikuwa limepanda, mabati yalikuwa yameanza kulia, na pumzi za watu wote wale walioimba zilikuwa zimekipa chumba joto la mkate. Ndipo alipoiona. Juu ya kichwa cha Pasta Wachira, pale marumaru inapokutana na dari fupi, kona moja ilikuwa imelegea. Ikajikunja kidogo, kama sikio. Ikajikunja tena. Nyuma yake ulionekana ukuta wa rangi ya uji.

Zipporah naye aliiona. Mkono wake ulikuwa umesimama kwenye shanga zake na macho yake yalikuwa yameganda kwenye ile kona. Nzuki aliangalia kona, akamwangalia Zipporah, akaangalia kona. Ilikuwa ni kuivuta tu. Mvuto mmoja, na kanisa zima lingejua mama huyu alinunua nini, na lingemgeukia yule aliyeuza.

Pasta akamwambia asiogope, Mungu atampa maneno.

Nzuki alipita kando ya Pasta, akanyoosha mkono, akaikandamiza ile kona kwa kidole gumba. Alivuta mkono wa shati lake la Jumapili juu ya kiganja, akausugua ukuta kutoka katikati kwenda nje, taratibu, mara mbili, jinsi alivyofundishwa, mpaka kiputo cha hewa kikatoka na jiwe likalala. Akarudi hatua moja, akaliangalia kwa jicho moja. Hakukuwa na kasoro.

Kisha akachukua mkoba wake, akapita tena juu ya magoti ya watu, akatoka nje.