Blanketi la Rubisi

Jumatatu, 7 Julai
Jumamosi wazazi wa Malongo wanakuja kutoka Nemba kumposa Deodata wangu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, nitapika mwenyewe! Baba Deo kashauri tumwombe Eustakia jirani, eti mkono wake unajulikana Keza nzima. Nikamjibu mtoto niliyemzaa mimi hataposwa kwa pombe ya jirani. Ndizi ziko shimoni tangu juzi, zinaiva. Najiamini.

Alhamisi, 10 Julai
Tumekamua. Baba Deo kakanyaga ndizi na nyasi mpaka magoti yakalia. Juisi tamu hiyo! Nikamwaga unga wa mtama wa kukaanga, nikafunika mtumbwi wa kuchachushia kwa majani ya mgomba. Eustakia akachungulia, akaniambia, Mama Deo, sasa iache mpaka Jumamosi asubuhi, pombe haipendi kusumbuliwa. Wivu.

Lakini baridi ya Julai! Nimelea watoto sita, hakuna aliyelala bila kufunikwa. Nikachukua blanketi la Baba Deo, nikaufunika mtumbwi. Madumu mawili ya maji ya moto, moja kila ubavu. Baba Deo akauliza yeye atajifunika nini. Nikamwambia yeye hana haja ya kuchacha.

Ijumaa, 11 Julai
Inachemka! Nimeweka sikio: inanong'ona kama wanawake kanisani. Mimi sauti hiyo ikinifikia, hata mgongo hauumi tena. Harufu imefika kisimani.

Mchana. Imeiva kabisa! Eustakia kaonja, kafumba macho, kasema ni nzuri kweli, ila inywewe leo leo, kesho itakuwa siki. Anaitaka pombe ya wageni wangu! Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka njiani. Nikaongeza maji ya moto, isije ikapata mafua.

Jumamosi, 12 Julai
Siki.

Baba Deo kaonja, jicho moja likagoma kufunguka. Deodata analia, nywele zimesukwa nusu. Pikipiki za wageni zinasikika mlimani. Wageni wa posa niwape maji?

Mara Eustakia huyo, anakatiza migombani, dumu kichwani. Kasema alikamua ya kwake Alhamisi ile ile, alipoliona blanketi. Sikuwa na muda wa kuona haya. Nikaimimina kwenye kibuyu changu.

Sasa, desturi yetu aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni. Nikavuta mrija. Jamani! Nikajikuta nimesema kwa sauti: Eustakia, leo umeipatia!

Wageni wakatazamana. Ikabidi niseme yote: siki, na dumu la jirani. Nikajua posa imekufa na mimi ndiye niliyeiua. Basi mama yake Malongo, Secilia, akaanza kucheka mpaka kitenge kikalegea. Akasema mwanamke anayeletewa pombe na jirani saa ya shida ameishi vizuri na watu, na binti yake atajua kuishi na watu. Wamekubali! Harusi Septemba. Ila kaniomba kitu kimoja: siku hiyo anataka kuonja ya mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani sikusikia neno, nilikuwa nalitafuta kosa langu. Nimelipata. Blanketi lilikuwa moja tu! Septemba nitaweka mawili, na madumu manne. Baba Deo kalificha lake. Nimeshaliona, liko chini ya gunia la maharage.

Jioni Eustakia kapita kuuliza harusi ni tarehe ngapi hasa. Sijui anaitakia nini.