Mashine ya Shangazi Lazima Iongee Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimepewa jambo kubwa. Mimi! Si Injinia.

Karakana ya Shangazi iko kimya tangu radi ya wiki iliyopita. Mashine ya kudarizi haikuungua. Kompyuta kongwe inayoipelekea michoro haikuungua pia. Kilichoungua ni tundu moja tu nyuma ya kompyuta, lile la pini tisa, ambamo waya wa mashine huchomekwa. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la namna hiyo. Basi mashine haisikii, kompyuta haisikiki, na nembo za sweta za shule yetu zinatakiwa Jumamosi adhuhuri.

Shangazi amesema mnunuzi wa vyuma chakavu atapita Jumamosi asubuhi. Kama vitu hivi viwili havijapatana, kompyuta itaondoka naye, na kazi ya nembo itavuka barabara kwenda kwa jirani. Vikipatana, kompyuta nitaitunza mimi, na ufunguo wa karakana utakuwa wangu. Nilikubali kabla hajafika kwenye nukta.

Injinia alicheka hadi akashikilia mlango. Yeye ni mtoto wa Shangazi, yuko chuoni muhula wa kwanza, na jina hilo amejipa mwenyewe. Akaniambia nirudi kwenye kazi yangu ya kushona vifungo.

Tutaona! Mwalimu wa kompyuta amenipa kadi ya kuchomeka ndani, yenye tundu lake zima la pini tisa. Amenipa na sidii ya draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuitambua kadi. Amenisihi nibadilishe kitu kimoja, nijaribu, ndipo nibadilishe kingine. Nimeitikia kwa adabu. Kanuni hiyo naijua. Niliipatia alama zote kwenye mtihani.

Jumanne, 10 Machi

Nimefungua kompyuta kwa bisibisi ya Shangazi. Kadi imeingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Nyaya sikugusa. Tangu siku ya radi, Bi Sindano, mshonaji wetu mkuu, hamruhusu mtu kuzigusa. Kila jioni anazichomoa zote, na kila asubuhi anazirudisha mwenyewe, kila mmoja mahali pake pa miaka yote. Anasema radi hubisha hodi kwa waya. Nikitaka kufungua kompyuta, namwita achomoe. Nikimaliza, namwita achomeke. Hata hatazami. Mikono imeshazoea!

Kompyuta ikatangaza kwamba imepata kifaa kipya. Nikapiga makofi. Ndani ya sidii kulikuwa na draiva za aina tatu. Nikachagua mpya kabisa, maana kipya kinyemi. Kumbe kompyuta yenyewe imenizidi umri! Ikaweka alama ya mshangao ya njano ubavuni mwa jina la kadi. Nami nikashangaa.

Injinia amesema kesho atakuja kuimaliza kazi mwenyewe. Ataifunguaje bila bisibisi? Ipo moja tu, na nimeizika ndani ya gunia la pamba, kona ya mwisho. Mpango safi!

Jumatano, 11 Machi

Injinia alikuja. Akatafuta bisibisi. Akajaribu kisu cha mezani, kikapinda. Akajaribu mkasi wa Bi Sindano, akatimuliwa. Ushindi!

Kisha nikaenda kuichukua bisibisi yangu. Gunia tupu! Bi Sindano alikuwa ameshaijaza pamba yote kwenye mito ya viti, na kuishona. Nikaanza kubonyeza mto mmoja baada ya mwingine. Bi Sindano akaniuliza udaktari nimeuanza lini, na mgonjwa ni yupi.

Hapo Injinia, aliyekuwa amekaa akinuna, akasema kiti hiki kina ugomvi naye. Kinamchoma upande mmoja. Nikamwendea kwa heshima zote, nikamwomba kaka yangu ainuke nimpe mto laini zaidi. Shangazi akasema, “Hiyo ndiyo tabia, mwanangu,” kisha akamgeukia Injinia akamwambia ajifunze.

Nimeufumua mto chooni. Bisibisi ni salama. Mto umepungua tumbo kidogo.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeondoa draiva mpya, nikaweka ile kongwe. Mzee kwa mzee! Alama ya njano imefutika. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua uzi wa kufungia ufunguo wangu shingoni, ndipo nikafungua programu ya kudarizi. Ikasema haioni mashine yoyote.

Kumbe kompyuta imelipa tundu jipya jina la COM3, na programu inatambua COM1 na COM2 tu. Tundu lililoungua bado limekalia jina la COM1, kama mpangaji aliyehama na ufunguo. Mwalimu akasema nilizime lile la zamani, jina lake nilipe jipya. Akarudia: kimoja kimoja, binti. Nikaitikia tena.

Injinia amesema kesho jioni atakuja kunipa pole mapema, kabla foleni haijawa ndefu.

Ijumaa, 13 Machi

Kimoja kimoja ni kwa wenye muda! Leo nimebadilisha vyote kwa mpigo. Nikalizima tundu lililoungua kwenye mipangilio ya kuwashia. Nikalipa jipya jina la COM1. Nikahamisha kadi nafasi ya pili. Nikapandisha kasi ya mawasiliano, nikaishusha, nadhani nikairudisha. Nikafuta vumbi. Nikaigeuza skrini itazamane na mashine, angalau zifahamiane. Bi Sindano akachomeka waya. Nikabonyeza.

Kimya.

Injinia akasema hata jiwe lingejibu. Aliyeniuma ni Shangazi. Alikunja sweta moja isiyo na nembo, akaikunjua, akaikunja tena. Nilijifanya nina mafua.

Bi Sindano akachomoa nyaya zake, akaaga. Nikabaki nyuma ya kompyuta peke yangu. Tundu lililoungua lilikuwa wazi, jeusi, kama pengo la jino. Nikalibandika utepe mweusi wa umeme. Kama inaondoka, iondoke na sura nzuri.

Jumamosi, 14 Machi

IMEONGEA!

Nilipofika, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaegesha mkokoteni mlangoni. Bi Sindano alikuwa ameinama nyuma ya kompyuta, analalamika. Nani kamzibia tundu lake? Miaka yote anachomeka pale macho yamefumbwa, leo vidole vimekutana na utepe! Basi waya ameuchomeka hapo pembeni, kwenye hicho kitundu kipya, na mtu asimlaumu. Nikamwambia asijali, utepe ni pambo tu. Kichwani nilikuwa na mambo mazito zaidi.

Nikabonyeza. Mashine ikakohoa. Sindano ikaruka, ikarudi, ikaanza kukimbia juu ya sweta kama imekumbuka kitu nyumbani. Nembo! Shangazi alinikumbatia na sweta mkononi, akaniita “fundi wangu” mbele ya watu.

Mnunuzi akauliza kama yeye ndio basi aondoke mikono mitupu. Bi Sindano akamwonyesha Injinia: “Mchukue huyu. Kelele zake ni za debe.”

Sweta ya mwisho ilitoka kabla ya adhuhuri. Ufunguo uko shingoni mwangu. Injinia akaninong'oneza, kwa unyenyekevu kabisa, akiuliza ni nini hasa kilichoitibu. Nikamtazama kwa huruma. Vyote! Mabadiliko yangu yote kwa pamoja. Yalihitaji tu kulala usiku mmoja ili yakolee.

Jumapili, 15 Machi

Nimefungua karakana kwa ufunguo wangu mwenyewe. Nimeufungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena.

Shangazi amepokea kazi mpya, nembo za shule mbili, na mashine inaanza kesho asubuhi na mapema. Mwalimu ameniomba nizungumze na klabu ya kompyuta. Nimeshapata mada: Badilisha Vyote Mara Moja.

Ili nisipotoshe wenzangu, nimekagua kazi yangu yote tena. Kila kitu kina sababu yake: kasi, vumbi, hata skrini iliyogeuzwa. Kisichokuwa na kazi ni kimoja tu, ule utepe mweusi, nao unaharibu sura. Nimeubandua. Kwa mara ya kwanza nimebadilisha kitu kimoja tu, Mwalimu atafurahi.

Na Bi Sindano naye. Kesho asubuhi atalikuta tundu lake liko wazi.