Sista Ines Ananipa Somo

Jumatatu, 1 Desemba

Mitihani imekwisha! Bweni zima linaruka. Watu wanafua mashuka huku wakiimba, hata patroni amecheka, jambo ambalo hatujaliona tangu Januari. Ijumaa Misa ya kufunga mwaka, wazazi wote wapo, kisha pilau, kisha nyumbani.

Mimi nina tatizo. Mwezi uliopita, kwa simu ya patroni, nilimwambia mama kwamba nitasoma somo la kwanza kwenye Misa hiyo. Sijui kwa nini nilisema. Palikuwa kimya kwenye simu, nikaona nijaze. Sasa mama anaacha korosho chini ya miti huko Nanyamba, na mvua imeshaanza kunyemelea, ili aje anisikie. Leo orodha imebandikwa. Somo la kwanza: Danieli. Jina langu, Lukasi, lipo kwenye kupanga mabenchi!

Jumanne, 2 Desemba

Nimepata! Mabibo, yale matunda ya mkorosho! Bibo ambalo halijaiva sawasawa hukwaruza koo mpaka mtu anaongea kama jogoo mgonjwa. Nyuma ya shule mikorosho imejaa. Danieli akila kumi, Ijumaa hana sauti. Na nani amelikariri somo lote? Mimi!

Baada ya usafi nikamkaribisha. Nikamwambia mabibo hulainisha sauti, hata waimbaji wakubwa hula. Akafurahi mno. Lakini akasema hawezi kula peke yake kama mchoyo, tule wote. Ningekataa, angeshtuka. Yeye kumi na moja. Mimi kumi na mbili, ili asinishuku hata kidogo. Kazi safi.

Jumatano, 3 Desemba

Sina sauti. Danieli anayo!

Nilisahau kwamba amezaliwa Mpapura na amekula mabibo tangu hajaota meno. Asubuhi ameimba bafuni nyimbo nne. Na shati langu jeupe, lile moja lililobaki zima, lina doa la bibo kifuani, kubwa, la kahawia. Nimefua kwa sabuni. Kwa limau. Kwa majivu. Doa la bibo halitoki, hata mtoto wa chekechea huku kwetu anajua. Hata mimi nilikuwa najua.

Jioni Danieli akaniletea maji ya moto yenye chumvi nisukutue. Mjanja huyo! Nikayamwaga dirishani.

Alhamisi, 4 Desemba

Ajabu ya mwaka! Danieli amekwenda kwa Sista Ines, anayesimamia liturujia, akamsimulia kwamba mimi ni rafiki wa kweli, nilimtafutia mabibo ya kulainisha sauti. Nikaitwa ofisini. Sista amekulia ng'ambo ya Ruvuma, katikati ya mikorosho. Alilitazama doa langu muda mrefu. Akaniuliza koo linaendeleaje. Nikanong'ona kwamba linaendelea vizuri. Akatabasamu.

"Lukasi," akasema, "kesho nitakupa somo."

Somo! Kweli wema hauozi! Nimerudi bwenini mbio. Zuberi, jirani yangu wa kitanda, Mwislamu wa Mikindani, akaniuliza ni somo gani hilo, maana kwao somo ni yule mama anayewafunda wanawali. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. Nikamgeuzia mgongo. Ana wivu.

Nimesukutua maji ya chumvi mara sita. Niliyaomba kwa Danieli. Sauti imerudi nusu, na nusu inatosha!

Ijumaa, 5 Desemba

Nilifika sakristia wa kwanza. Nikanyoosha mikono nipokee kitabu. Sista Ines akanipakatisha Mtakatifu Yosefu.

Somo wa shule, mtakatifu msimamizi wetu! Sanamu ya mpingo, iliyochongwa na fundi wa Kimakonde ambaye hakubania mti, Yosefu mzima na msumeno wake wa useremala mkononi. Nimebatizwa nikiwa mchanga, kila mwaka tunasherehekea somo wa shule, na neno hilo halikunijia! Sista akaagiza nisimame na Yosefu kando ya altare, kuanzia maandamano ya kuingia mpaka baraka ya mwisho, na asiguse chini.

Misa ilichukua saa mbili na robo. Danieli alisoma vizuri sana, kila neno likasikika mpaka nje. Nikatokwa na machozi, kidogo kwa wivu, kidogo kwa ule msumeno uliokuwa unanichoma kidevuni. Mama alikuwa benchi la tatu, na kitenge kipya. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nimemtoa kwenye korosho zake aje anione nimekumbatia gogo. Pale pale mbele ya altare nikaapa kwamba sitamdanganya tena maishani.

Baada ya Misa mama akanishika mikono. Nilitaka kumweleza yote, mabibo, orodha, simu, yote. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu, wenzako wamesoma dakika mbili wakakaa," alisema. "Wewe umesimama na mtakatifu Misa nzima."

Akalia. Doa hakuliona, Yosefu alikuwa amelifunika. Sista Ines akapita, akaniuliza kama nimelipata somo. Nikamjibu kwamba nimempata, tena ni mzito.

Kwenye pilau mama akataka kujua nitafanya nini kwenye Misa ya Juni, maana akiambiwa mapema atapanga safari. Pakawa kimya kidogo. Nikajaza. Nimemwambia nitaimba zaburi, peke yangu, beti zote.

Zaburi huimbwa na Upendo wa kidato cha pili. Juni hakuna mabibo. Zuberi anasema kwao Mikindani ukwaju hauishi, nimemwagiza aje na kikapu kizima.