Nilikwenda Ikwiriri Kununua Nyumba, Nikala Firigisi ya Mshenga

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa na soksi tu miguuni, na ya kushoto kidole gumba kiko nje kinapunga upepo.

Mimi ni mwalimu hapa Kibiti mjini. Kwetu Kondoa, lakini nilishaoa huku, na aliyeoa huku njia ya kurudi kwao huisahau. Tumepanga mwaka wa saba sasa. Tumedunduliza mpaka tumefika mahali pa kununua kanyumba ketu. Hapa Kibiti bei hazishikiki, kwa hiyo imebaki miji miwili: Bungu, ukielekea Dar, au Ikwiriri, ukielekea mtoni. Kote huko naweza kulala na asubuhi nikawahi kengele ya shule.

Mke wangu Zuhura anataka Bungu. Atakwambia barabara, atakwambia soko, atakwambia nauli. Sababu yenyewe hasa ni kwamba nyumba inayouzwa Bungu imepakana ukuta na ya mama yake.

Msinielewe vibaya. Mama mkwe wangu nampenda. Lakini mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima inataka umbali! Mbele yake siwezi kukaa barazani na singlendi. Siwezi kupiga kelele mpira ukiingia golini. Nikimwamkia nainama mpaka kalamu zinadondoka mfukoni. Sasa niishi hivyo kila siku, mpaka nistaafu?

Mimi nataka Ikwiriri. Zuhura hataki kusikia. Juzi kafunga mjadala: "Jumapili tunakwenda kuandikishana Bungu. Yamekwisha." Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia dalali wa Ikwiriri. Nilipanga leo Jumamosi nikaione nyumba, nipige picha, nipatane bei, nirudi kwa mke wangu kifua mbele.

Asubuhi nikamwambia, "Mama Asha, naenda shuleni kusahihisha mitihani." (Mungu anisamehe.)

"Haya. Na mimi naenda kwa mama, kuna ile shughuli ya mdogo wangu."

"Sawa, wasalimie."

Shughuli gani? Sikuuliza. Wanaume wenzangu, mke akitaja shughuli, ulizeni!

Nashuka stendi ya Ikwiriri, dalali ananipigia simu. "Mwalimu, fuata njia ya msikitini, hesabu nyumba za bati la bluu. Ya tatu ndiyo yenyewe. Mimi nachelewa kidogo, ingia tu, wenyeji wanakusubiri."

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. (Nafundisha hisabati. Likumbukeni hilo.)

"Hodi!"

"Karibu, karibu sana!" Katoka mzee wa makamo, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ananukia udi. Uwanja umefagiwa, mkeka mpya. Nikasema moyoni, watu wa Ikwiriri wakiamua kuuza wanauza!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mgeni wetu. Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja nyuma," nikajibu, maana namsubiri dalali.

"Basi vua viatu, pita ndani. Kula kwanza, maneno baadaye."

Hapo ndipo nilipoponzeka. Huku pwani mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanawa mikono. Ni ustaarabu mkubwa, nimeusifia miaka yote. Leo umenimaliza.

Ukaletwa wali wa nazi na kuku wa kienyeji mzima, na juu yake wameweka na firigisi. Nyumbani kwangu firigisi naionaga ikipita kwenda kwa wageni. Leo mgeni ni mimi! Nikaitupia kinywani bila hata kujivunga. Pembeni alikaa bibi mmoja, mama yake yule mzee, kajitanda kanga, ananitazama kila tonge. Akamnong'oneza mwanawe, nikasikia neno moja tu, "bara". Sikujali. Nikaongeza mchuzi.

Nilipomaliza kunawa nikajikohoza kidogo. "Sasa mzee, naomba nivione vyumba."

"Vyumba?"

"Vyote. Na choo pia."

Wakatazamana. Bibi akashusha pumzi. "Mwonyeshe tu. Kila watu na mila zao."

Nikazungushwa. Ukuta nikaugonga kwa vidole, ko ko ko. Dari nikaitazama nimekunja uso kama fundi. "Hapa mzee pana mchwa."

"Tutapulizia dawa, mwanangu."

"Na choo mlango haufungi."

"Utafungwa! Wiki hii hii utafungwa!" Jasho linamtoka mzee wa watu. Mimi nachekelea rohoni, nasema muuzaji mlaini namna hii bei itashuka yenyewe.

Kikabaki chumba kimoja chenye pazia. "Na hiki?"

"Hicho cha binti yangu. Yumo."

"Hamna shida, napima mara moja tu." Nikachomoa futi ya fundi, ile ya bati inayojikunja yenyewe. Nyuma yangu bibi akasema, "Astaghfirullah!"

Ndani alikaa binti kitandani, dera jipya, kichwa kainamisha. Nikamwambia, "Usijali dada, wala usinyanyuke. Nishikie hii ncha." Akaishika. Mimi nikarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni huku navuta futi, nasoma namba kwa sauti.

Simu ikaita. Dalali. "Mwalimu, uko wapi? Niko hapa na mwenye nyumba, tunakungoja nusu saa sasa!"

Nikachungulia dirishani. Nyumba ya pili yake, bati la bluu, dalali kasimama barazani anapunga mkono barabarani. Nikahesabu upya kutoka njiani. Moja, mbili... ile moja ya katikati, ndugu zangu, lilikuwa banda la kuku.

Kabla sijameza mate, uwanjani ikaja sauti ya mwanamume. "Hodi wenye nyumba! Wageni wenu wa posa tumefika!"

Wa posa! Udi, kanzu, mkeka, kuku, binti aliyeinamisha kichwa. Vyote vikanijia kwa mpigo. Nikasema nitoke kimyakimya kwa mlango wa uani. Nikageuka, nikatokeza sebuleni.

Sebuleni kasimama mjomba wa mke wangu, kofia na kanzu. Nyuma yake mama mkwe wangu. Nyuma ya mama mkwe, Zuhura, na sinia lililofunikwa kitambaa kichwani.

Na mimi huyo natoka chumbani kwa mwali, soksi imetoboka, futi mkononi. Na yule binti kwa adabu zake bado kashikilia ncha! Futi imenyooka kutoka kwangu mpaka kitandani kwake, kila mtu anaiona.

"Shikamoo mama," nikasema. Nikainama. Kalamu zikadondoka.

"Marahaba, mkwe wangu," akajibu mama mkwe. "Mitihani siku hizi inasahihishwa humu?"

Mzee mwenye nyumba akafurahi. "Kumbe mnajuana! Basi huyu mshenga wenu ni mtu makini. Kafika mapema, kala, kakagua kila kitu, mpaka choo!"

Zuhura akatua sinia. "Baba Asha," akasema polepole, "umekuja kuposa?"

Mke akikuuliza polepole namna ile, ndugu zangu, ni heri akupigie kelele. Nikafungua mdomo. Binti naye kwa hofu akaachia ncha, futi ikarudi fyaaa, ikanichapa kidole gumba cha mkono. Nikapiga ukelele mbele ya mama mkwe. Miaka tisa ya heshima ikaishia hapo.

Nikasema yote. Dalali, nyumba, bati, banda la kuku. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mjomba akakaa mkekani, akaletewa sinia la wenyeji, akafunua. Akapekua wali. Akapekua tena.

"Firigisi ya mshenga iko wapi?"

Bibi akaninyooshea kidole. "Kaila huyo."

Hapo ndipo paliporipuka kicheko. Mjomba akasema yeye hafungui mdomo kumposea mtu bila firigisi, ikabidi akamatwe kuku mwingine. Nani wa kumkimbiza? Aliyekula wa kwanza! Nimemkimbiza kuku uwanja mzima na soksi zangu, mama mkwe ananielekeza, "Huku, mkwe wangu! Mzibie huko!" Na kuku alikimbilia wapi? Kwenye lile banda la bati la bluu.

Posa imekubaliwa. Bibi kasema familia inayokagua nyumba mpaka choo haiwezi kumtupa mjukuu wake. Shemeji yangu, yule mdogo wake Zuhura aliyeposewa, ananishukuru mpaka sasa hivi.

Tulipokuwa tunavaa viatu, mama mkwe akanisogelea. "Mkwe wangu, huku Ikwiriri ulikuwa unamkimbia nani?"

Semeni nyie ningejibu nini. Zuhura kasimama hapo, kaminya midomo.

"Simkimbii mtu, mama. Nilikuwa nalinganisha tu. Bungu ndipo pazuri."

"Alhamdulillah," akasema, uso umemchanua. "Maana ule ukuta wa katikati nimeshaongea na fundi. Jumatatu anaubomoa, tuweke mlango, mpite muda wowote."

Nawaomba msicheke. Anayecheka, na kwake ukuta ubomolewe.