Saa Inayokula Mkono

Jamani, leo nimeadhirika, na tena ukweni! (Nawaandikia nyote watatu barua moja, maana kuisimulia aibu hii mara tatu siwezi.)

Mnajua leo ilikuwa siku ya posa yangu kwa kina Yustina, kule Chamwino. Mshenga wangu ni Mzee Rajabu, mwenye nyumba wangu hapa Makole, fundi cherehani mwenye ulimi wa asali. Jana aliniangalia mkono akasikitika.

"Karani mzima unakwenda ukweni huna hata saa?"

Basi asubuhi na mapema nikapita sokoni. Tangu kila kitu kiwe ruksa, saa zimejaa kuliko nyanya. Za betri bei ilinishinda. Muuzaji akanichomolea moja ya mtumba, mkanda wa chuma, kioo kina mkwaruzo.

"Hii otomatiki, kaka. Haitaki betri, haitaki kutiwa ufunguo. Inakula mkono."

"Inakula mkono?"

"Mkono ukitembea, nayo inatembea. Mkono ukilala, nayo inalala."

Nikanunua. (Rahisi ghali, mama aliniambia. Nani alimsikiliza?)

Njiani mambo yalikuwa safi. Pikapu ilirukaruka kwenye makorongo na saa ikaenda vizuri kabisa. Niliitazama kila baada ya mti mmoja. Tukafika saa nne kamili.

"Mbukwenyi!" Mzee Ndahani, baba yake Yustina, akatukaribisha kwa salamu ya kwao. Tukaamkiana, tukaketi. Sasa, desturi mnaijua. Anayesema ni mshenga. Mposaji kazi yake ni kunyamaza, macho chini, mikono magotini. Nikatulia tuli.

Adabu ile ndiyo iliyoiua saa.

Posa haina haraka. Kwanza habari za mvua, kisha za ng'ombe, kisha za marehemu wote wa pande mbili. Nikachungulia mkononi: mshale wa sekunde umesimama! Nikatikisa mkono kidogo. Ukaenda. Nikatulia, ukasimama. Nikatikisa tena, safari hii kwa nguvu. (Kwa nini sikuiacha ife? Sijui. Roho iliniuma, saa yenyewe haijamaliza hata siku!) Huku Mzee Rajabu anasifu utulivu wangu, huku mimi nakung'uta mkono kama nimeingiliwa na siafu.

Wote wakanigeukia.

"Mshenga," Mzee Ndahani akauliza taratibu, "kijana wako ana nini mkononi?"

Mzee Rajabu hakujua lolote kuhusu kutikisa. Akanitazama. Lakini mshenga hodari hakosi jibu.

"Aa, hiyo? Ni mambo ya utotoni tu. Siku hizi imepungua sana. Haanguki tena."

Haanguki! Shangazi yake Yustina akashika kifua. "Yesu wangu! Kifafa!"

Nikasahau desturi, nikaropoka: "Si kifafa, baba! Ni saa!"

"Saa ngapi?" akauliza Mzee Ndahani.

Nami, bila akili, nikatazama. "Saa nne na dakika ishirini."

Papo hapo redio iliyokuwa dirishani ikaanza taarifa ya habari ya saa saba mchana.

Ikabidi nieleze yote, betri, ufunguo, kula mkono, jasho likinitiririka mgongoni. Mzee Ndahani akanyoosha kiganja. Nikaivua nikampa. Akamwita bibi yake Yustina, kikongwe wa meno mawili, aliyekuwa uani akitwanga mtama.

"Mama, vaa hii. Endelea kutwanga."

Bibi akavaa, akatwanga. Pu! Pu! Pu! Baada ya muda mzee akaichukua, akaiweka sikioni. Akatabasamu.

"Saa nzima hii," akasema. "Kibovu ni mkono."

Walicheka mpaka mbuzi wakatoka zizini. Hayo ningevumilia. Lakini nyuma ya mlango nikasikia kicheko kingine, kile chenye mkoromo mwishoni. Nakijua. Ni cha Yustina wangu, na kiliniuma kuliko vyote.

Mzee akanirudishia saa, akatoa hukumu: "Binti hatukunyimi. Mvua zikianza, njoo ulime nasi. Siku saa hii itakapokwenda kutwa nzima mkononi mwako, siku hiyo tutazungumza mahari."

Tumerudi Makole, Mzee Rajabu akiniangalia mkono njia nzima.

Nampenda Yustina, kwa hiyo jembe nimeshaazima. Naomba msinicheke. Ila kama kuna mmoja wenu anayejua ilipo saa ya betri, mkanda wa chuma, kioo chenye mkwaruzo, aniandikie kabla ya mvua. Kimya kimya.